Darasa la Ramadhani, siku ya 12: Mlango wa banda

 Ndugu zangu wa jamaa ya msikiti wetu, mliopo mtaani na mliosafiri, Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinisubiri pale kwenye viatu. Watu walipopungua akanisogelea. "Ustadh, nina laki 5 mkononi. Laki 5 nyingine naweza kuipata kwa simu, kesho hivi ikaingia. Nyuma ya nyumba pana eneo. Nataka mbuzi 8 kabla mwezi haujaisha, nije niwauze Idd ya kuchinja. Unasemaje?"

Nikamwambia nenda kalale mwanangu, nitakujibu kwenye chaneli, maana suali hili si lako peke yako. Kila mwaka masika yakikaribia nalisikia. Wengine wanataka kuku, wengine bustani, na wapo akina mama wamenitumia ujumbe tangu Shaaban kuuliza habari za mboga za magunia. Kwa hiyo leo darasa letu ni la mifugo na bustani ya nyumbani. Nitajibu kama mtu aliyekosea, kwa sababu nilikosea, na kosa lenyewe lilitokea mwezi kama huu.

La laki 5 ya simu nalimaliza kwanza. Hiyo mikopo tunayoiita kausha damu, jina lake linatosha kuwa fatwa. Riba haiwi halali kwa kuwa umenunulia mbuzi. Anza na ulicho nacho, na hicho ulicho nacho usikimalize chote.

Sasa ufugaji na kilimo vyenyewe. Hatuna haja ya kutafuta mbali ubora wake. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.), Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au akatia mbegu, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi kwake ni sadaka. Naeleza maana tu. Hebu lizingatie hilo la ndege. Yule ndege anayedonoa mbegu zako za mchicha asubuhi, unayemrushia jiwe, anakuandikia sadaka! Na mbuzi nao, manabii wote walichunga. Mtume wetu mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Katika Surat An-Nahl, Mola wetu anatutajia pambo lililomo katika kuwatoa wanyama asubuhi na kuwarejesha jioni. Aliyewahi kukaa kibarazani saa 12 jioni akaona mbuzi wake wanaingia, tumbo zimejaa, analijua pambo hilo bila kufasiriwa.

Basi mimi hilo pambo lilinipumbaza.

Miaka 6 iliyopita, mwezi wa Shaaban, nilipata fedha kidogo nikanunua mbuzi 5 kwa mpigo. Banda nilikuwa ninalo, au tuseme nilikuwa na nguzo 4, paa la makuti na fito upande tatu. Upande wa nne nilisema nitamalizia. Mlango ulikuwa kipande cha bati nilichokifunga kwa kamba. Sakafu ni udongo ule ule wa chini. Mke wangu akaniuliza, "Baba fulani, hawa watalala hivi?" Nikamwambia ni mbuzi hao, si wageni.

Usiku wa 9 Ramadhani, mimi niko mbele nasalisha tarawehe, mbuzi wakaila ile kamba wakatoka. Jirani yangu wa ukuta wa pili ni bibi mmoja mjane, mtu mzima. Yeye ana bustani ya mboga, matuta kama 10 hivi: mchicha, matembele, bamia pembeni. Mboga zile ndizo riziki yake, na Ramadhani ndiyo msimu wake, maana kila nyumba inahitaji mboga ya daku. Mbuzi watano, njaa ya siku nzima (maana na kulisha nilikuwa nalishia haraka haraka), wakaingia mle tangu Isha mpaka watu wanatoka msikitini. Asiyewajua mbuzi atasema watakuwa wamekula kidogo. Waliacha mashina ya bamia tu, nayo wameyachubua.

Asubuhi nikaenda. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwalimu." Nikasema maneno ambayo leo nikiyakumbuka naona haya: wanyama hawana akili bibi, na mwezi huu ni mtukufu, tusameheane. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, jana mmefuturu kwangu. Karibuni tena." Akarudi ndani.

Wenyeji wa pwani hii hamna haja ya kutafsiriwa kijembe kile. Mimi nilikipokea nikaondoka nacho, nikajiambia ameshasamehe, bibi ana utani. Siku zikaenda. Nikawa nasalisha, natoa mawaidha, nahimiza watu wafuturishe jirani. Na bibi yule nikipita ananiitikia salamu, lakini haulizi tena hali za watoto.

Kilichonikamata ni darasa langu mwenyewe. Tulikuwa tunasoma tafsiri baada ya Alasiri, tukafika Surat Al-Anbiya, aya ya 78 na 79. Ni habari ya Nabii Daud na mwanawe Nabii Sulaiman (a.s.), walipohukumu kesi ya shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba, wawe fidia ya mazao yake. Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike na maziwa yao, sufi yao na watakaozaliwa, na mwenye kondoo aingie shambani alime na atunze mpaka shamba lirudi kama lilivyokuwa. Hapo kila mmoja arudishiwe chake. Na Mwenyezi Mungu akamfahamisha Sulaiman hukumu hiyo, na wote wawili akawasifu kwa hekima na elimu.

Nasoma, ulimi unakuwa mzito. Vijana wanaandika, hawajui kwamba ustadh wao ndiye mwenye kondoo.

Na hadithi yake nilikuwa naijua vizuri, imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan Abu Daud. Ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliingia bustani ya mtu akaiharibu. Mtume (s.a.w.) akakata hukumu: mchana, wenye bustani walinde bustani zao, usiku, wenye wanyama wawazuie wanyama wao, na wakiharibu, dhamana ni yao. Mbuzi wangu walitoka usiku, kwa kamba niliyoifunga mimi. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wanasema mwenye mnyama hulipa pale alipozembea, na mimi sikuwa na hata neno la kujitetea. Lile neno "tusameheane" nilikuwa nalitumia kukwepa deni. Mwezi mtukufu nimeufanya kisingizio cha kumdhulumu mjane! Iko hadithi ya yule mwanamke aliyetajwa kwa Mtume (s.a.w.) kuwa ni mwingi wa sala, saumu na sadaka, ila anawaudhi majirani zake kwa ulimi, na hukumu yake ikawa Motoni. Yule ni ulimi tu. Mimi nilikuwa nimeudhi kwa meno 5 ya mbuzi, na nimefunga.

Siku ile ile nilikwenda kwa bibi kabla ya magharibi. Nikamwambia sikuja kuomba msamaha, nimekuja kulipa, unisomee deni langu. Akaketi chini, akaanza kuhesabu mafungu kwa vidole, tuta kwa tuta. Anazijua mboga zake kama mimi ninavyoijua Juzuu Amma. Nikamlipa thamani ya yale mafungu kwa siku zilizopita. Yaliyobaki tukayafanya kama alivyohukumu Sulaiman. Mbuzi wangu mmoja alikuwa amezaa, anatoa maziwa kama kikombe. Kila asubuhi kikombe kile kikaenda kwa bibi, akatia kwenye uji wake wa futari. Mimi na wanangu tukashika majembe. Tukayainua matuta upya, tukabeba samadi, tukapanda. Mchicha ulirudi kwa wiki 4. Matembele yalitukalisha zaidi ya miezi 2, na kwa muda wote ule kikombe hakikukatika. Siku alipochuma matembele ya kwanza alimtuma mjukuu wake aniletee fungu, na salamu: bibi anauliza watoto hawajambo? Wallahi nililia.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Yuko hai, Alhamdulillah, na nilipomwambia jana usiku kwamba nitakiandika, alicheka akasema, "Waandikie na bei ya bamia."

Mbuzi wenyewe walinifika wapi? Masika yakaingia. Sakafu ya udongo ikawa tope, mbuzi wakalala juu ya mkojo na mavi yao. Wakaanza kukohoa na kuharisha, wakafa wawili. Afisa mifugo alipokuja hakuuliza dawa gani nimewapa. Alitazama chini akaniambia ustadh, hapa hata wewe ungekohoa. Kuna hadithi ya ngamia aliyemlilia Mtume (s.a.w.) katika bustani ya mtu wa Ansari. Mtume akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamuita mwenye ngamia akamuonya amuogope Mwenyezi Mungu juu ya mnyama yule, kwani amemshitakia kwamba anamshindisha njaa na kumchosha. Wale mbuzi wangu wawili sijui walimshitakia nani.

Kwa hiyo kijana wangu wa kwenye viatu, jibu langu hili hapa. Laki 5 yako isianzie mnadani, ianzie kwenye banda, na banda lianzie mlangoni. Weka bawaba na komeo la chuma; kamba mbuzi anaila, na fundo analifungua kwa meno, nimeona kwa macho yangu. Sakafu iinue, banda la kichanja, kama mita 1 kutoka chini. Tandika fito au mbao ukiacha nafasi ya sentimita 1 na nusu hivi: mavi yanapita, kwato haipiti. Yanaanguka chini pakavu, unayafagia yanakwenda bustanini. Kila mbuzi mkubwa mpe nafasi ya mita 1 na nusu ya mraba. Chanja la majani liwe juu usawa wa kichwa, kwa sababu mbuzi akishakanyaga jani halili tena, ana kiburi kuliko wanadamu. Maji kila siku. Fito, makuti na mikono yako hutumia fedha kidogo. Kinachogharimu ni misumari, komeo na bati kama utataka bati.

Banda likisimama, nunua majike 2. Siyo 8. Dume huna haja nalo kwa sasa, utaazima kwa mwenzio. Na hapa pana jambo wafugaji wengi hatulijui: Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza upandishaji wa dume, imo katika Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Mwenye dume asitoze bei. Lakini ukimpa zawadi bila ya kushurutishana, wanazuoni wameruhusu, na ni tabia njema.

Sasa piga hesabu na mimi, maana naona hapa ndipo ndoto yako ilipokosea tarehe. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi 5. Wakipanda Mfungo Mosi, inshallah watazaa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Na mbuzi wa kuchinja Idd, kwa madhehebu yetu ya Shafii, lazima awe ametimiza miaka 2. Mtoto aliyezaliwa Mfungo Sita mwaka 1448 atatimiza miaka yake 2 Mfungo Sita 1450. Basi Idd yako ya kuuza uliowafuga mwenyewe ni ya mwaka 1450. Kununua leo mbuzi wakubwa ukawauza baada ya karibu miezi 3, hiyo ni biashara, halali kabisa, lakini usiiite ufugaji na usiiingie kwa mkopo.

Utakula nini mpaka 1450? Hilo ndilo suali la maana, na jibu lake ni bustani na kuku.

Bustani ndiyo ya kwanza, hata kabla ya banda. Mchicha ukiusia kesho, utauchuma ukiwa umemaliza sita zako za Mfungo Mosi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, zichanganye na mchanga mkavu ndio uzitawanye, ufunike kwa udongo kidogo mno. Ukizifukia sana hazioti. Asiye na eneo achukue gunia: katikati panga mawe madogo kama nguzo ili maji yashuke, pembeni jaza udongo na samadi, toboa matundu ubavuni upandikize miche. Samadi ya mbuzi iliyokauka haina shida. Ya kuku mbichi inaunguza mboga, iache ioze wiki kadhaa kwanza.

Maji je? Tazameni mfereji wetu wa udhu pale msikitini. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja, mudd, kiasi cha viganja viwili vya mtu vilivyojaa. Sisi tunafungua bomba mwanzo wa kusukutua mpaka mwisho wa miguu, na maji yote yanakwenda barabarani. Nyumbani kwako weka beseni, tawadhia humo, maji yasiyo na sabuni mwagia gunia.

Kuku naeleza kwa ufupi. Tetea 3 na jogoo 1. Anaatamia siku 21. Vifaranga wakiangua wafungie na mama yao, mwewe hana likizo ya Ramadhani. Adui mkubwa ni kideri, anamaliza banda zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wako, kwa hiyo changianeni majirani, mwite mtaalamu siku moja apite nyumba zote. Kuku wako akichanjwa na wa jirani asichanjwe, bado mna kazi.

Na akina mama, kwa kuwa kila jioni sasa tunamenya muhogo wa futari: maganda mabichi ya muhogo msiwatupie mbuzi vile vile. Yana sumu, hasa ya muhogo mchungu, na mbuzi anaweza kufa. Yaanikeni juani kwanza yakauke vizuri. Ya viazi vitamu na ndizi hayana neno.

Wameniuliza pia habari ya zaka. Mbuzi wanaochunga malishoni huanza kutolewa wakifika 40 na wakatimiza mwaka. Mboga za majani, kwa Shafii, hazina zaka. Lakini mchuzi wa nyumba ya pili usipite bila fungu la mchicha, harufu ya kitunguu chako inavuka ukuta.

Yupo mwenzetu atakayesoma hapa akakumbuka kwamba mbuzi wake, au kuku wake, au hata ng'ombe wake, waliingia kwa mtu na jambo likaishia "wanyama hawana akili." Ndugu yangu, leo ni 12. Nenda kabla ya futari, ukae chini, akuhesabie. Akikusamehe kwa hiari baada ya kuhesabu, hiyo ni ihsani yake.

Kesho baada ya Alasiri, inshallah, nyuma ya msikiti tutajaza magunia 6 yatakayotumia maji ya udhu. Kila mwenye gunia tupu la mkaa au la mchele aje nalo. Mawe madogo yapo. Samadi naleta mimi. Mbegu za mchicha atagawa yule bibi wa kisa chetu, amekamua mwenyewe msimu uliopita, na amesema kila anayechukua aje na kikaratasi chake, hatii mbegu kwenye kiganja cha mtu.

Ewe Mola wetu, tubarikie ardhi zetu ndogo, utuletee masika ya kheri yasiyo na mafuriko, utusamehe haki za majirani tulizozijua na tusizozijua, na utusaidie kuzilipa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.